Karatasi Namba Themanini na Nane

Walinipa boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani,
ndani yake hadithi mia moja arobaini na tatu,
kidato cha kwanza na cha pili, shule tisa za Temeke.
Mada: Siku Nisiyoisahau.
Kanuni: maneno mia tano, majina yasionekane,
hadithi iwe na mwanzo, kati na mwisho.
Mwisho peke yake una alama ishirini.

Miaka thelathini na moja nilisahihisha maandishi ya watu
kiwandani Chang'ombe, mashine zikinguruma chini ya sakafu:
kalenda, vitabu vya risiti, kadi za harusi.
Jina la bibi harusi likikosewa, niliyeitwa ni mimi.
Nadhani ndiyo maana wameniita tena,
mtu wa nukta na mkato.

Nilisoma usiku, feni ikizunguka kwa kusitasita.
Ajali ya basi. Ajali ya basi. Bibi amefariki.
Ajali ya basi, kumbe ilikuwa ndoto.
Mtoto mtukutu ametubu ukurasa wa mwisho,
na asiyesikia la mkuu akavunjika guu
mara kumi na saba. Niliyahesabu hayo maguu,
nikacheka peke yangu, kisha nikaona haya,
maana kila guu liliandikwa kwa mwandiko wa kujikaza.

Halafu themanini na nane. Penseli.
Baba aliyekwenda Mererani kuchimba mawe,
miaka minne hakuna salamu wala senti,
amesimama mlangoni, Mtoni kwa Aziz Ally,
na begi ambalo si lake.
"Mama alimwangalia miguu kwanza,
halafu uso, halafu akasema"

Hapo hapakuwa na nukta.
Chini yake, herufi zimeinuka ghafla, zinakimbia:
"Samahani, maji yametoka."

Basi.
Nyuma ya karatasi, mistari mitupu.
Kona moja imejikunja, imelowa ikakauka.

"Mvivu," alisema Kiondo. "Muda umemkuta."
"Mjanja," alisema Mwalimu Bupe. "Anatuchezea."
Nikawauliza, ninyi mnakaa mtaa gani?
Kwetu bomba hukohoa saa tisa usiku, siku ya nne ya mgao,
na anayesubiri kumaliza sentensi
ataoga Ijumaa.
Wakacheka sana. Hawakubadilika.
Mwisho: sifuri kati ya ishirini.
Niliiandika mimi, kwa mkono huu,
kwa sababu mwandiko wangu ndio unaosomeka.

Siku ya zawadi alishinda yule wa basi la ndotoni.
Na kusema kweli aliandika vizuri, breki zake zilinusa mpira.
Alipewa kamusi, begi, na cheti chenye mhuri:
Mshidi wa Kwanza.
Niliona. Herufi moja imeanguka njiani.
Sikumwambia mtu.

Watu walipokwisha kutawanyika nilimkuta ukumbini
akipanga viti, soksi moja imeshuka:
Sikudhani Pazi, kidato cha pili.
"Themanini na nane ni wewe?"
"Nimefanya nini?"
"Hapana. Nataka kujua. Mama alisema nini?"

Alinitazama kama mwenye duka
anayepima kama mteja huyu hulipa madeni.
"Hakusema," akanijibu.
"Pale nilikosea.
Alimpa ndoo."

Akabeba viti vingine viwili, akaenda navyo.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa shati.
Niliigusa,
nikaiacha.