Kidole Tumbo

Redio ilisema ni kidole tumbo.
Ilisema saa saba mchana, baada ya bei ya mahindi,
sauti ya mtangazaji imevaa nguo nyeusi,
na mafundi wa Ngara wakaweka spana chini:
mke wa kiongozi wetu, mama wa mapinduzi,
ameaga ghafla.

Hakuna aliyetaja jina lake.

Mimi nilikuwa nalo.
Mghoi Mwalenga, kiti cha nne kutoka dirishani,
chuo cha kupiga taipu cha Bi Fernandes,
ghorofani, juu ya duka la vipuri.
Alijiandikisha kwa jina la babake.
Dereva alimshusha kona ya pili
ili tusijue gari ni la nani,
na miezi mitano sikujua.
Nilijua tu kwamba huleta maandazi
yaliyofungwa kwa gazeti,
na kwenye gazeti kuna uso wa mtu mkubwa,
mafuta yamemlowesha masharubu.

"Vidole kumi," Bi Fernandes alipenda kusema,
"na kila kimoja na kazi yake."
Mghoi akaniinamia:
"Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.
Raya, hawakufika kwangu.
Kwangu kipo kimoja,
kikinyooshwa, watu wanahama mtaa."

Siku moja mvua ilitunyeshea, tukabadilisha nguo chooni.
Nikaona kovu, kulia, chini ya kitovu,
limejikunja kama kiwavi.
"Hospitali ya Wesu," akasema, "nikiwa darasa la saba.
Daktari alinionyesha kwenye chupa. Kadogo hivi.
Nikamwomba niende nacho nyumbani. Akakataa."

Julai, baridi ya kukata masikio.
Mpishi anasema palikuwa na karamu, miaka kumi ya chama,
na mume alimrushia ganda la chungwa
akamwita, "Wewe!"
Wageni wakacheka kwa adabu.
Akasimama: "Wewe hayupo. Ametoka."
Akatoka.

Mlinzi anasema alisikia mlango ukibamizwa na upepo.
Usiku ule hapakuwa na upepo.
Mjakazi aliapa ameona barua kitandani,
kesho yake akaapa hapakuwa na barua,
kesho kutwa hakuwapo yeye mwenyewe,
amerudi kwao Voi, na nauli kalipiwa.
Kuna wanaosema ni mkono wake,
kuna wanaosema ni mkono wa mumewe,
kuna wanaosema haya huku wakiangalia mlango.
Mimi najua kitu kimoja tu,
kiko kwenye chupa, Wesu.

Nilipanga foleni kumuaga.
Chini ya kioo nywele zimechanwa kwenda kushoto,
zikafunika kipaji mpaka sikioni.
Tangu nimjue alizichana kwenda kulia.
Mumewe aliinama akanong'ona neno.
Aliyekuwa mbele yangu alisikia "nisamehe,"
aliyekuwa nyuma yangu alisikia "umenitupa."
Mimi nilisikia viatu vya watu.

Jumatatu nikaenda kazini,
ofisi ya vizazi na vifo,
kazi niliyoipata kwa cheti cha Bi Fernandes.
Faili lilikuwa mezani, halina vumbi.
Jina. Umri: thelathini na mmoja.
Sababu ya kifo, kwa wino wa kijani,
na sahihi isiyosomeka.
Bosi akasimama nyuma yangu, anakoroga chai.
Alikoroga muda mrefu.

Nikaweka karatasi, kaboni, karatasi.
Nina watoto wawili na kodi ya nyumba Shauri Moyo,
lakini hilo sikuulizwa na mtu.
Vidole kumi, na kila kimoja na kazi yake.
Sikukosea hata herufi.

Nakala ya kaboni ninayo mpaka leo,
ndani ya pipa la unga.
Ukiiinua juani utaona
pale kwenye jina lake
herufi moja imetoboa karatasi.