Chini ya Utepe

Njoro, banda la plastiki nambari saba.
Nalipwa kwa elfu. Vilivyoshika vinahesabiwa,
vilivyokauka natozwa.
Kisu changu kimeliwa na jiwe la kunolea
hadi kimebaki kama ukucha wa mtoto.

Wa chini katoka Ujapani, asema msimamizi Sigei,
waridi mwitu, halina maringo:
kijiti chake kichomeke mchangani hata kwa dharau,
wiki ya tatu kimeota ndevu za mbuzi.
Wa juu ana jina, ana picha kwenye kalenda,
ana nafasi yake katika ndege ya Jumanne usiku.

Kazi yangu ni kuwaoza hawa wawili.
Nachanja ganda, nalifungua kama bahasha,
naingiza jicho la yule mwenye jina,
nazungusha utepe mara tatu,
kisha nakata kila tawi
ambalo mwitu alikuwa na nia nalo.

Mwaka ule wa sakitu
wenye majina walilala weusi kama majani ya chai.
Siku ya kumi, chini ya utepe,
vikachomoza vidole vya kijani, haraka, bila haya.
"Kata hayo maotea," Sigei alisema. "Yanaiba."
Nikasimama na kisu changu.
Yanaiba nini? Na kwa nani?

Jioni hiyo nami niliiba:
vijiti kumi na viwili ndani ya hotipoti,
juu yake githeri iliyobaki,
hadi Elburgon, kwenye kiploti changu kisicho na ua,
mbuzi wa Mama Chebosi wakijipakulia sukuma.
Kiswahili nacho kina uvivu wake mtamu:
ua ni la kunusa, ua ni wa kuzuia mbuzi,
na Sigei akikunja uso, ua ni amri.

Nyanchama alikuwa akipima kimo chake kwa vijiti hivyo.
Niliachiwa ana miaka minne,
begi moja, kadi ya chanjo, na ahadi ya miezi sita
ya dada yangu Kerubo.
Miezi sita hiyo sasa ina miaka tisa.

Shuleni fomu inauliza jina la mzazi.
Niliandika KERUBO, kwa herufi kubwa,
na chini yake, pasipo na mstari,
*mzizi: Bosibori.*
Mwalimu akachukua kalamu nyekundu anisahihishe.
Sikukosea, mwalimu, nikamwambia.
Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Hawakusema nani alihesabu kikohozi chake
usiku kucha, kwa mwanga wa simu.

Desemba Kerubo akaja, na marashi, na sanduku la magurudumu
lililokwama kwenye tope la Elburgon.
Ua ulikuwa umechanua mweupe mzima,
vishada kama bisi zilizomwagika,
umeshavuka mpaka kuingia karoti za Mama Chebosi,
ambaye ameufyeka mara mbili kwa matusi
na mara ya tatu akaomba mbegu.

"Binti yangu amenifanana," Kerubo alisema.
Kweli. Shingo ile. Cheko lile.
Kila mtu huona cha juu.

Akataka tawi moja alishike apigwe picha.
Nikamkatia.
Pale nilipokata palilia kidogo.
Alipoondoka,
pale pale palikuwa na macho matatu.