Magunia Kumi na Manane ya Faida

Mwalimu wa somo la tatu ameandika kwenye kitini,
ukurasa wa hamsini na mbili:
faida ni kinachobaki
baada ya gharama zote kuondolewa.

Sisi wa Kibirizi tunamjua Faida.
Ni mama wa Baraka, ng'ambo, Kongo,
mnene wa sauti, mwembamba wa miguu,
anayehesabu noti kwa kulamba kidole gumba
na kukataa risiti yenye kosa hata la herufi moja:
“Wewe Skola, unasomea biashara ya dunia nzima
na jina langu linakushinda?”

Alinunua chumvi ya Uvinza, magunia thelathini.
Kumi na mawili yakavuka naye.
Kumi na manane yakabaki kwenye stoo yetu,
nusu yamelipiwa, nusu kwa neno lake:
“Jumanne ya pili nitakuwa hapa.”

Hiyo ilikuwa kabla ya masika.

Mimi ni karani. Mchana naandika manifesti:
saruji, unga, ndoo za plastiki, sabuni ya mche,
kutoka Kigoma kwenda kokote maji yanakofika.
Usiku, mwanangu Anzeruni akishalala,
nafungua moduli chini ya taa ya kuchaji,
nakariri masharti ya usafirishaji:
ni wapi hasa, kati ya gati na boti,
mzigo unapoacha kuwa wa muuzaji
ukawa wa mnunuzi.
Kitabu kinasema: ukishapita ukingo wa meli.
Hakisemi kitu kuhusu ubao wa kupandia,
ule unaotikisika, na mpagazi aliyesimama katikati,
gunia kichwani,
mguu mmoja hapa, mmoja kule.

Chumvi haivumilii masika.
Inakunywa hewa, halafu inalia.
Kila mvua ikinyesha nasogeza magunia kutoka ukutani,
nachomeka mbao chini, nafuta sakafu,
na bado asubuhi nakuta michirizi
imetambaa hadi mlangoni kama inayoijua njia.
Bosi wangu, Bwana Ruhwanya, anaruka dimbwi:
“Uza. Hilo ni deni chechefu. Si mlifundishwa?”
Tulifundishwa. Sura ya tisa.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
hii ina daftari, ina tarehe, ina sahihi,
na habari hakuna.
Zilizopo ni za redioni,
na za watu wanaoshuka kwenye boti bila mzigo wowote,
watoto migongoni, viatu mkononi.
Nawatazama nyuso, mmoja mmoja.
Simwoni Faida.

Jumamosi, mtihani. Swali la nne:
Jadili hatari ya nchi kwa mfanyabiashara wa kimataifa.
Toa mifano. Alama ishirini.
Kalamu ikakimbia kwa Kiingereza:
misukosuko ya kisiasa, kushuka kwa sarafu, mipaka kufungwa.
Nikatoa mfano wa nchi ya mbali,
nchi niliyoisoma tu,
isiyo na mtu ninayemjua jina.
Kisha nikasita. Dakika nzima.
Feni. Karatasi za wenzangu zinafunuliwa.
Nikapiga mstari, nikaandika upya:
Mfano. Magunia kumi na manane.
Nikaeleza yote, hata michirizi.
Sijui msahihishaji huko Dar
ataipa michirizi alama ngapi.

Nje nikachukua simu yangu kwenye kapu la msimamizi.
Simu moja haikupokelewa.
Namba inaanza mbili, nne, tatu.
Nikapiga.
Binti wa kwenye mtandao, mpole kama kawaida yake,
akanijulisha kwamba salio langu
halitoshi kupiga namba hiyo.

Kulikuwa kweupe, mvua imetoka kukatika.
Milima ya Kongo ilionekana yote,
karibu mno, ungedhani mtu akiita ataitikiwa.
Nikavua viatu vya mtihani,
nikakimbia na tope kutafuta vocha.