Kidato cha Pili B

Naandika ubaoni: 1620.
Joto la Chumbageni limekaa darasani kama mwanafunzi wa ziada.
Wananakili. *Wapuritani:
watu waliolikimbia kanisa la mfalme
kwa kuwa lilikuwa na mapambo mengi na toba kidogo.
Walipanda merikebu, wakavuka, wakajenga.*
Nukta. Mstari mpya.

Sikuwaambia kwamba nawajua.

Baba yangu, Hizkia Semkuya,
karani wa mizani katika shamba la mkonge,
aliyepima marobota miaka ishirini
asione hata moja lililotimia,
alisimama ibadani Makorora, Jumapili ya Mitende,
akanyoosha kidole: kinanda kipya,
spika, maua ya plastiki.
"Hivi navyo vimeandikwa wapi?"
Akatoka. Kaya kumi na moja zikamfuata,
na mimi na birika, maana ndilo nililopewa nishike.

Tulipanda lori la chokaa.
Tuliposhuka ng'ambo ya Zigi
tulikuwa weupe toka kope hadi kucha.
Baba akasema ni ishara.
Mama akasema ni chokaa.

Kambi Saba: shamba lililoachwa bei ya katani ilipoanguka,
mkonge mzee umesimamisha milingoti
kama merikebu mia zilizokwama nchi kavu.
Usiku uleule watu wazima wakatia dole gumba
katika daftari la mizani:

    Twaapa mbele ya Mola,
    mji usio na hila,
    tusali na kisha kula,
    mkaidi aondoke.

"Nchi ni tupu," alisema Baba. "Bwana ametuwekea."
Tupu, ila mihogo ilikuwa na matuta
na matuta yalikuwa na mwenyewe:
Bi Nyamvula, alfajiri, jembe begani,
akatukuta tunaimba.
Hakugombana. Alingoja tumalize ubeti.
"Mbona sikusikia hodi?"

Mwaka wa kwanza alitupa mbegu,
akatuonyesha muhogo upi mtamu, upi unaua.
Mwaka wa tatu Baba alizungusha uzio wa mkonge
na matuta ya Bi Nyamvula yakabaki ndani,
yeye nje.
Tuliomba kabla ya kuyavuna. Tuliomba sana.

Krismasi ilipigwa marufuku. Haimo Kitabuni.
Shangazi Perusi akapika pilau gizani,
lakini pilau haijui kunong'ona;
bizari ilipita nyumba hadi nyumba
kama mtu anayedai deni.
Wakaongeza na shtaka la pili:
kila Jumatano, jikoni kwake, wanawake sita
wanajisomea Neno wenyewe, wanaulizana, wanacheka.
Kucheka ndiko kulikouma.

Daftari likafunguliwa.
Kidole cha Baba kikashuka hadi mstari wa nne.
Dada yake, tumbo moja.
Alitoka na mkeka na sufuria ileile.
Nilimwona akiuvuka uzio, miiba ikimvuta kanga,
na upande wa pili mtu akimsaidia kuinasua.

Mkono unanyanyuka dawati la nyuma. Mwanaidi Shekue.
"Mwalimu, pale walipofika,
nani alikuwa amelima?"

Naangalia muhtasari. Haimo.
Nasikia nilivyofanana naye, kidole changu
kikishuka mstari kwa mstari.
Nasema: waliwafukuza hata wao kwa wao,
mwanamke mmoja kwa kufundisha nyumbani kwake.
"Hilo sikuuliza," anasema Mwanaidi, kwa adabu.

Kengele.

Kambi Saba siku hizi ni msitu wa mkonge na nyani wawili.
Baba ninaye mimi, chumba cha uani,
macho yameingia ukungu, daftari liko chini ya godoro.
Hazungumzi habari za Mungu.
Jioni nikimpelekea chai ananiuliza,
kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua,
pilau ile ya Perusi ilikuwa na nyama?

Namwambia sikumbuki.
Ilikuwa na kuku, Baba. Na viazi. Na mdalasini
ambao mpaka leo sijui aliutoa wapi.