Ukurasa wa Mavazi

Juni, nimeandika. Elfu thelathini na nane.
Mstari nimeunyoosha kwa ubavu wa kiberiti.
Nje, Uyole imejifunika ukungu hadi kidevuni,
na wewe umejifunika shuka letu, unasema:
anza na viatu.

Naanza na viatu.
Cha kushoto kimeliwa na gia hadi soksi inachungulia;
cha kulia kizima, kama hakijawahi kupanda pikipiki.
Laiti wangeuza kimoja kimoja.

Kisha sare ya harusi ya Tumpale:
kitenge cha zambarau, elfu ishirini na tano, bila mshono.
Shangazi amepiga simu mara tatu.
Hakuuliza kama tumekula,
aliuliza kifua changu kimefika inchi ngapi.

Mama yako husema mtu hujikuna ajipatapo.
Sawa.
Ila mimi nawashwa katikati ya mgongo.

Jumamosi Mwanjelwa wanafungua belo.
Ukiwahi alfajiri unachagua, na unalipia kuchagua.
Mimi nitakwenda saa tisa, jua likipinda,
niiname kwenye turubai, mia tano mia tano,
nifukue sweta lenye nembo ya shule ya watu nisiowajua,
kiwiko nitakiziba kwa uzi wa rangi yoyote.

Mstari wa koti niliuandika Machi, nikaufuta.
Aprili nikaufuta.
Mei karatasi ikatoboka.

Ndipo Jumatatu, Lusekelo, saa kumi na moja,
ulipofungua mfuko wa nailoni nyuma ya mlango
ukatoa koti la suti ya harusi yetu,
tulilolilipia miezi saba, ukalivaa saa sita.
Ukapachika kipande cha boksi kifuani,
juu yake kizibao cha kijiwe.
Nilitaka kupiga kelele.
Nikakufunga kifungo cha juu.

Sasa kijiweni wanakuita Bwana Harusi.
Abiria wa Igawilo, mama mwenye gunia la viazi,
alikuuliza bibi harusi umemwacha wapi.
Ukamjibu: nyumbani, anapiga hesabu.

Limerudi na tope hadi kwenye kola.
Mfukoni, ndani ya bitana,
kijiti cha meno kutoka ukumbini.
Nimelipiga brashi, nimelitundika karibu na jiko.
Nimegeuza karatasi penye tundu la Mei,
nikaandika upande wa pili:
Koti, lipo.

Nimejumlisha tena.
Thelathini na nane bado ni thelathini na nane.
Simu inaita, ni shangazi.
Pokea wewe.