Bikoni Namba Kumi na Saba

Nilishika mkanda upande wa mashariki,
mpimaji akashika mashine upande wa jua kuzama,
na kati yetu mbuga ilikuwa imekauka,
nyeusi, imepasuka kama kisigino cha mkulima wa tumbaku.
Ilikuwa Septemba.
Nani hukumbuka maji mwezi wa Septemba?
Hata sisi tuliozaliwa hapahapa Tabora
hudanganywa na mwezi huo.

Bikoni kumi na sita tulizipanda bila neno.
Zege, nondo, namba kwa rangi nyekundu.
Ramani ilikuwa safi: barabara ya mita kumi,
zahanati, uwanja wa watoto,
wala sikuwa na ugomvi nayo.
Nimepanga Ng'ambo, chumba kimoja, watoto wanne,
kuku wa mwenye nyumba huingia kabla sijaamka.
Mji ukikua, nami nataka kukua nao.

Ya kumi na saba iliangukia kiwanja cha Bi Nyanzala,
nesi mstaafu, aliyezika humo kiinua mgongo chake chote.
Alikuja na mwavuli, chupa ya chai, vikombe vinne.
"Chimbeni taratibu," alisema. "Hapo ndipo sebule."

Sururu ya Luhende ikagonga kitu kisicho jiwe.
Donge la udongo, gumu kama chungu kilichotoka motoni,
na ndani yake, pumzi.
Kamongo.
Amejikunja, mkia umefunika macho,
ndani ya shuka la ute wake mwenyewe,
amelala kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Luhende alisema: kitoweo.
Mpimaji alisema: andika "mfinyanzi", tuendelee.
Bi Nyanzala alipiga magoti,
akaweka vidole viwili ubavuni mwa samaki
kama anayetafuta mapigo ya mtoto njiti,
akahesabu kwa saa yake ya mkononi.
Akahesabu mpaka chai ikapoa.

Kisha akaniuliza mimi, mshika mkanda,
ambaye haulizwi kitu:
"Maji hufika wapi?"

Nikakumbuka mbuga ile nyingine, tuliyoijaza kifusi
tukaipa jina la mtaa.
Mwaka wa mvua kubwa magodoro yalikaa juu ya bati siku tisa,
vyoo vikatapika visimani,
na mpunga uliokuwa ukiota pale
sasa tunaupimiwa dukani kwa kilo.

Sikujibu. Nilitembea.
Nikapanda na mteremko mpaka ndago zikakoma
na kichuguu cha kwanza kikasimama.
Mchwa hajengi panapofurika.
Hana mashine, hana mhuri,
lakini alipima mji huu kabla yetu.

Kutoka kichuguuni hadi mpaka wa juu wa Bi Nyanzala
kulikuwa na hatua kumi na moja.
Vyumba viwili, labda. Jiko la nje, ukijibana.
Sebule yote ilikuwa ya kamongo.

"Mliniuzia samaki," alisema,
akacheka kicheko kisicho na meno.
Halafu: "Na nusu yangu nani atanirudishia?"
Mpimaji alikunja miguu ya mashine, mmoja mmoja,
polepole kuliko kawaida.
Nami nilitazama viatu vyangu.

Samaki tulimrudisha.
Tukabananisha vipande vya donge
kama mtu afungavyo barua aliyoisoma bila ruhusa.
Sijui kama atapona.

Bikoni namba kumi na saba iko kwangu, Ng'ambo.
Wanangu huikalia wakila.
Ramani imepelekwa ofisini na alama ya kuuliza
niliyoichora mimi, kwa penseli,
mpimaji akiangalia dirishani.
Haijarudi.

Sasa ni Novemba.
Usiku, tone la kwanza likigonga bati,
naanza kuhesabu hatua:
moja, mbili, tatu,
na sijawahi kufika kumi na moja
bila kusimama.