Skrubu Nne

Bastola ya baba ina skrubu nne,
mbili ubavu huu, mbili ubavu ule,
zimeshika vibao vya mti wa jozi
vilivyong'arishwa na kiganja kimoja kwa miaka thelathini na minane.
Kila risasi ikitoka, kitu kizima hutetemeka
kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira,
na skrubu hujifungua, unywele kwa unywele,
bila kelele.
"Chuma," alisema Orville Tveit, fundi wa maghala ya ngano,
"hakiagi. Kinaondoka tu."

Jumamosi, Montana, Novemba. Upepo wa Kanada
ulishuka bila kubisha hodi,
ukapita katikati ya mabua, ukatuingia mikononi mwa makoti.
Makopo sita ya maharagwe juu ya nguzo za ua,
nyuma yake tuta la udongo alilolirundika mwenyewe.
Alipiga, akatoa magazini, akachungulia chemba mara mbili,
kisha bisibisi kutoka mfuko wa shati.
Aliichonga kwa tupa usiku mzima
ili ulimi wake ujae mfereji wa skrubu hizo, si nyingine.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Akanipa nijaribu.
Nikakaza kama nafunga gurudumu la trekta.
"Taratibu, Maren! Unaua uzi wake.
Ikigusa, robo mzunguko. Basi."

Watu husema mshika mpini hakatwi.
Sawa. Lakini mpini nao una wa kuushika.

Sasa, rangi.
Mjini waliuza gundi ya buluu ya kuzuia skrubu,
dola saba, naye alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda.
Akaenda kwenye meza ya mama, akachukua rangi ya kucha,
nyekundu ya zabibu zilizoiva mno,
akatia tone shingoni mwa kila skrubu,
kisha, kwa ncha ya brashi, mstari mmoja
kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mti.
Mstari ukikatika, skrubu imetembea.
Mama akasimama mlangoni. "Orville, hiyo ni ya harusi ya dada yangu."
"Imebaki nusu," alisema baba,
na kweli ilikuwa imebaki nusu.

Mama alipofariki, chupa ilikaa karakanani
kati ya kopo la grisi na redio.
Ilipokauka, aliiongezea asetoni.
Ilipokauka tena, akaongeza tena.
Mwishowe ikawa ya waridi, karibu maji,
lakini mistari minne ilichorwa kila msimu wa kupanda.

Mwaka huu yuko Havre, nyumba ya wazee,
chumba chenye dirisha linalotazama reli,
na bastola iko kwangu, kabatini, chini ya kufuli.
Jumapili nilipiga risasi hamsini.
Vidole vilijua kabla ya macho:
kibao kimoja kinacheza, kidogo tu, kama jino la mtoto.
Mistari mitatu mizima. Mmoja umekatika.

Mimi sina rangi ya kucha. Nachomelea vyuma;
kucha zangu ni hivi zilivyo.
Dukani binti akaniuliza, "Ni ya sherehe?"
"Ya skrubu."
Akacheka, akanipa iliyopunguzwa bei.
Si nyekundu yake. Inakaribia.

Robo mzunguko. Basi.
Mstari wa zamani haukukutana tena na nusu yake.
Nikauacha hivyo, mpya nikauchora kando,
mkono ukanitetemeka,
tone likaangukia ukucha wa kidole gumba.

Jumatano nilimpelekea supu. Wiki tatu hajaniita jina.
Alinishika mkono, akakigeuza kidole kwenye mwanga.
Treni ya ngano ikapita, mabehewa yasiyoisha,
na ilipoisha akauliza:
"Ile ya chini, kushoto?"